Meza ya Ruta kwa Karakana ya Nyumbani: Pima Kazi Kabla ya Kupima Meza

Ruta ni mashine ya umeme ya kuchonga kingo, nakshi na mifereji kwenye mbao, na meza ya ruta ni ile inayoibeba kwa chini. Meza ya ruta yenye kina cha milimita 600 na urefu wa milimita 800, yaani kama inchi 24 kwa 32, inatosha karakana nyingi za nyumbani hapa Mwanza. Jibu la swali la meza iwe na ukubwa gani tumelitanguliza kwa makusudi, maana anayetaka kununua mbao Jumamosi hii hana sababu ya kusubiri hadi aya ya mwisho. Lakini vipimo hivyo vina asili yake. Vinatokana na kazi ambazo seremala wa nyumbani huzirudia: milango ya makabati ya jikoni, droo, fremu za vioo, shata ndogo, stuli na meza za sebuleni. Kama kazi zako ni tofauti, meza yako nayo itakuwa tofauti, na hapa tunaeleza jinsi ya kuipata.

Wanaokosea hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaonunua kimeza cha kuweka juu ya benchi, milimita 400 kwa 600, kwa kuwa ni rahisi kubeba, kisha paneli ya kwanza ya kabati inawayumbia mikononi. Wapo pia wanaojenga meza ya zaidi ya mita moja kwa kuwa siku moja watatengeneza mlango wa futi saba. Hao wa pili ndio wanaopoteza zaidi, kwa sababu meza kubwa hula chumba kila siku na bado haiutoshi huo mlango.

Jambo moja kwanza. Kwenye meza, ruta hugeuzwa kichwa chini miguu juu, biti (kisu chake kinachozunguka) ikachomoza, na mbao ndiyo inayotembea. Hilo ni zuri kwa vipande unavyoweza kuvidhibiti kwa mikono miwili. Mbao ya mita nne ya ubavu wa mtumbwi, au uso mzima wa meza ya kulia chakula, usiihangaikie mezani. Ifunge kwa klampu, ushike ruta mkononi uende nayo kwenye mbao. Ukilikubali hili mapema, suala la ukubwa linapungua nusu.

Kutoka kwenye biti hadi tumboni

Watu hupima kina chote cha meza. Kipimo chenye maana ni umbali kutoka katikati ya biti hadi ukingo wa mbele, ule unaogusana na tumbo lako. Hapo ndipo paneli hulala inapopita. Sehemu ya nyuma ya biti ni ya fensi tu, yaani ule ubao ulionyooka unaoegemewa na mbao ikipita, pamoja na klampu zake.

Chukua mlango wa kabati la jikoni. Paneli ya katikati mara nyingi huwa na upana wa milimita 300 hadi 400. Unapochonga ukingo wake mrefu, ukingo huo unaigusa fensi na upana wote unakuja kwako. Ikiwa nafasi ya mbele ni milimita 350, paneli inalala yote au karibu yote. Ikiwa ni milimita 200 tu, kama ilivyo kwenye vimeza vingi vya benchi, karibu nusu inaning'inia, na mkono wako ukiegemea kidogo nje ya ukingo, upande wa biti unanyanyuka. Ukinyanyuka hata nusu milimita, nakshi inakuwa na wimbi ambalo msasa hauliondoi bila kuharibu umbo lenyewe.

Kanuni inayofaa ni hii: angalau theluthi mbili ya upana wa kipande ilale mezani. Nafasi ya milimita 350 inabeba kwa usalama paneli ya hadi milimita 525. Ni mara chache sana utahitaji zaidi ya hapo, kwani paneli pana kuliko hiyo huwa ya mlango mkubwa, na ya mlango mkubwa inahitaji msaada wa pembeni kwa vyovyote.

Kwa hiyo biti isikae katikati ya kina cha meza. Kwenye meza ya milimita 600, iweke milimita 350 kutoka mbele na milimita 250 kutoka nyuma. Hizo 250 zinatosha fensi yenye kitako cha milimita 130 na bado zinabaki 120 za kukamatia klampu. Meza nyingi za dukani huchelea kufanya hivi na kuweka shimo katikati kabisa. Ukienda kununua, beba futi yako na upime kuanzia kwenye shimo.

Urefu, na kwa nini kuongeza hakusaidii sana

Mbao huingia kutoka kulia kwenda kushoto. Ncha yake inapofika kwenye biti, kilicho mezani ni kile tu kinachotosha kati ya biti na ukingo wa kulia. Meza ya milimita 800 yenye biti katikati ina milimita 400 upande huo. Kipande cha milimita 800 kitakuwa na nusu mezani na nusu hewani, yaani kimefika mwisho wa kujibeba. Kwa maneno mengine, urefu wa meza ndio urefu wa kipande kirefu zaidi utakachopitisha bila kusaidiwa. Kifupi zaidi ya hapo kinatulia, kirefu zaidi kinainamisha mkia.

Sasa fanya hesabu ya meza ya milimita 1,100. Umeongeza milimita 300 za chuma, mbao na sakafu, nawe umepata uwezo wa kupitisha kipande cha milimita 1,100. Mhimili wa mlango wa futi saba ni milimita 2,100. Bado huufikii, na hata meza ya mita moja na nusu haiufikii. Tena mhimili huo si kitu chepesi: mbili kwa sita ya mninga, ikisharandwa kubaki milimita 45 kwa 140, ina uzito wa kama kilo 8. Ncha ya namna hiyo ikining'inia nje ya meza haizuiliki kwa kiganja.

Kinachozuia ni stendi yenye rola, moja upande wa kuingia na moja upande wa kutoka, zikiwa milimita 600 hadi 700 kutoka ukingo wa meza. Rola ya upande wa kutoka iwekwe chini ya uso wa meza kwa milimita moja au mbili, la sivyo ncha ya mbao itaigonga badala ya kuipanda. Kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 kinachozunguka kwenye fimbo ya chuma kinafanya kazi hiyo vizuri. Stendi mbili za aina hii hukunjwa zikaegemezwa ukutani. Meza ya mita moja na nusu haikunjwi.

Milango ya kabati la jikoni haizidi sana milimita 720 kwa kimo. Fremu za droo, stuli na vioo zinaingia humo humo. Ndiyo maana tunasema 800.

Ipo hali moja ambapo meza kubwa ina haki yake: ukiwa tayari na msumeno wa meza wenye mbawa, yaani vipande vya pembeni vinavyoongeza uso wake. Ruta inaweza kufungwa kwenye ubawa, na hapo kina cha meza kinalingana na cha msumeno, kwa kawaida inchi 27, na sakafu huongezi hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba kazi moja husubiri nyingine. Fensi ikishawekwa kwa ajili ya ruta, huwezi kuchana mbao bila kuivuruga.

Chumba chenyewe

Karakana nyingi za nyumbani, iwe Buhongwa, Nyegezi au Igoma, ni chumba cha futi 10 kwa 12 au kibaraza kilichozungushiwa mabati. Kwenye vilima vyenye mawe, kama Igogo au Mabatini, nafasi hupungua zaidi kwa sababu mwamba umeshachukua kona yake na hauondoki.

Ili kipande cha milimita 2,100 kipite chote, kinahitaji milimita 2,100 kabla ya biti na milimita 2,100 baada yake. Hiyo ni mita 4.2 kwa mstari mmoja. Chumba cha futi 12 kina mita 3.66. Ukuta hausogei, basi usogeze mstari: panga meza ili mstari wa biti upite katikati ya mlango ulio wazi, mbao ndefu itokee uani. Ukifanya hivyo, chumba cha futi 10 kinatosha mhimili wowote wa mlango wa kawaida. Meza iwe na magurudumu manne yenye breki, yote manne, maana mawili yakiachwa bila breki meza huzunguka unapoisukumia mbao. Mbele ya meza acha nafasi ya mtu kusimama na kupiga hatua, kama milimita 900.

Meza ya 600 kwa 800 hupita kwenye mlango wa milimita 800 ikienda kwa ubavu, hivyo unaweza kuitoa kibarazani asubuhi na kuirudisha jioni. Hii si starehe ndogo. Vumbi la mninga huwasha pua na kufunga kifua, na wapo watu linalowaletea pumu. Kazi ya ruta hutoa unga laini kuliko randa. Ukiweza kuifanyia nje, ifanyie nje, ukiwa na barakoa ya vumbi na viziba masikio.

Kimo kizuri kwa mtu wa wastani ni milimita 900, sawa na kaunta ya jikoni. Iweke sawasawa na benchi lako la kazi na benchi litageuka kuwa msaada wa upande wa kutoka bila gharama. Wenye vimeza vya benchi husahau hapa: kimeza chenye kimo cha milimita 350 juu ya benchi la 850 kinakuletea biti kwenye milimita 1,200, karibu na kifua. Huwezi kukandamiza mbao ukiwa umeinua viwiko. Kijengee stendi fupi ya milimita 550.

Ruta utakayoifunga chini

Usijenge meza ya 600 kwa 800 kisha ukaning'iniza ruta ndogo ya wati 700 ukitegemea ichonge paneli za mninga. Ruta ndogo inayoshika shina la biti la inchi 1/4 au milimita 6 inafaa kuzungushia kingo na kuchimba mifereji myembamba, na kwayo kimeza kidogo kinatosha. Meza kamili inadai ruta ya wati 1,600 hadi 2,200, yenye koleti (kishikio cha shina la biti) ya inchi 1/2 au milimita 12, na yenye kirekebisha mwendo.

Hicho kirekebisha mwendo si pambo. Biti ya paneli, ile ya kuchongea kingo za paneli za milango, ina kipenyo cha kama milimita 85. Kwa mizunguko 22,000 kwa dakika, ncha yake inasafiri karibu mita 98 kwa sekunde. Inaunguza mbao, inatetemesha meza nzima, na ikichomoka haina wa kuizuia. Ishushe hadi kati ya 10,000 na 12,000 na ncha inarudi kwenye mita 53 au chini yake. Biti isiyozidi milimita 25 inaweza kuachwa kwenye 22,000, ya hadi milimita 50 ipewe 18,000, ya hadi 65 ipewe 16,000. Makita 3612, ambayo ni mashine ngumu, hukimbia kwa 22,000 tu bila kupungua. Ukiwa nayo, achana kabisa na biti hiyo pana ya paneli. Ile isiyo na kirekebisha na ile inayo zinafanana kwa umbo, kwa hiyo soma kibandiko.

Angalia pia koleti. Inchi 1/2 ni milimita 12.7. Shina la milimita 12 ndani ya koleti ya 12.7 linaonekana limekaza, kisha linapanda polepole mbao ikiwa juu yake, na mfereji ulioanza na kina cha milimita 8 unaishia na 11. Shina liingie angalau milimita 20, na kabla ya kukaza livute juu milimita 2 au 3 lisikalie kitako cha koleti.

Ruta za mtumba zinazotoka Marekani ni za volti 120, za Japani volti 100. Soketi zetu ni 230. Mashine kama hiyo ikichomekwa moja kwa moja huungua mara moja.

Uso wa meza

Tukipewa fedha kiasi fulani, tungeziweka kwenye unyoofu wa uso kabla ya kufikiria ukubwa. Sababu ni hii. Uso ukibonyea katikati, kipande kirefu hukaa juu ya kingo kama daraja. Penye biti kinakuwa kimeinuka, na mfereji unatoka na kina kidogo kuliko ulivyopanga. Kipande kifupi kinaingia ndani ya bonyeo na kupata kina tofauti. Kesho yake unaunganisha fremu, ulimi wa kipande kimoja haulingani na mfereji wa kingine, unalaumu biti. Meza kubwa hubonyea zaidi kuliko ndogo, nayo ruta ya kilo 6 inaivuta chini usiku na mchana. Hapa ndipo ukubwa unapogharimu mara ya pili.

Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, inatoa kila kitu. Kata vipande viwili vya milimita 605 kwa 805. Vinakaa ubavu kwa ubavu kwenye upana wa 1,220 na bado msumeno unapata njia yake. Vigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyosambazwa kwa kibati chenye meno hadi kila sehemu ilowe. Vilaze kwenye sakafu iliyonyooka, juu yake weka mifuko minne ya saruji ya kilo 50, acha hadi kesho yake. Sakafu ikague kwanza kwa rula ya alumini ya mwashi. Na rula yenyewe ikague: chora mstari kwa ukingo wake, igeuze upande, chora tena juu ya ule ule. Mistari ikiachana, tafuta rula nyingine.

Baada ya hapo punguza hadi 600 kwa 800 na ubandike fomaika juu na chini. Chini pia, tunasisitiza. Ukibandika juu tu, upande ulio wazi utavuta unyevu wa ziwa na meza itapinda kama mgongo wa kobe kabla masika hayajaisha. Gundi ya kubandikia ni ile ya mpira wanayotumia mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi kidole kisinate, ndipo ukutanishe, na ukishakutanisha huwezi kusogeza. Kingo zifunge kwa vipande vya mbao ngumu vya milimita 15 au kwa vanishi mara tatu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, nayo inafaa, na ni nyoofu kuliko plaiwudi nyingi, ila kwa watu wa kando ya ziwa kingo zake lazima zizibwe siku ile ile inayokatwa; ikishafura haiponi.

Chini ya uso, mbele na nyuma ya shimo la ruta, funga vyuma viwili vya pembe vya milimita 40 kwa 40, urefu wa 760. Matundu ya skrubu yawe marefu kidogo ili mbao ipate kupumua. Chuma kikiwa kimepinda kitaipinda na meza, kwa hiyo kikague kwa rula ile ile. Miguu iwe ya mbili kwa nne. Msonobari unatosha, wa Buhindi au wa Rubya kule Ukerewe, ilimradi umekauka. Kimo cha 900 ukitoa uso wa 38 kinabakiza 862, kisha toa kimo cha magurudumu.

Na usichimbe mtaro wa kuteleza wa inchi 3/4 kwenye uso wa meza ya plaiwudi au MDF. Meza nyingi za dukani zinao, lakini huo mtaro hupunguza nguvu pale pale panapohitajika na hujaa vumbi. Kusukuma kipande kwa mkato, tumia kibao cha pembe mraba cha milimita 150 kwa 200 kinachoteleza kwenye fensi. Kinafanya kazi ile ile na pia kinazuia nyuzi za nyuma kupasuka.

Bamba na shimo

Ruta haifungwi moja kwa moja chini ya plaiwudi ya milimita 36, maana utapoteza kimo chote cha biti. Inafungwa kwenye bamba. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 235 kwa 298, na alumini ya milimita 6 inatosha. Plastiki ngumu ya milimita 10 inafaa kama ruta si nzito. Kioo cha plastiki chembamba hubonyea na siku moja hupasuka kwenye tundu la skrubu. Bamba liwe na pete za kupunguza tundu, ili biti ndogo isizungukwe na pengo la kutumbukia ncha ya mbao.

Kata shimo la milimita 211 kwa 274, upande mrefu ukifuata urefu wa meza, halafu chimba ngazi ya milimita 12 kuzunguka. Ngazi hiyo usiipime kwa penseli. Lilaze bamba mahali pake, lizungushie vipande vinne vya mbao vikiwa vimelibana, vishike kwa misumari midogo au gundi ya muda, ondoa bamba, pitisha ruta yenye biti ya beringi ya juu ikifuata vipande hivyo. Bamba litaingia bila kucheza. Kina cha ngazi kizidi unene wa bamba kwa nusu milimita, na kwenye kona na katikati ya pande weka skrubu za kusawazishia kutoka chini.

Ukisawazisha, gusa kwa kucha. Bamba likiwa juu hata kidogo, ncha ya mbao inayoingia inaligonga kulia. Likiwa chini, ncha inatumbukia na kuigonga meza kushoto, na mbao inasimama ghafla mahali ambapo biti inaendelea kula. Doa la kuungua utakalokuta hapo limetokana na skrubu moja iliyolegea.

Fensi

Iwe na urefu wa meza, milimita 800, kimo cha 100, ikikaa kwenye kitako cha milimita 130 na kukazwa na pembetatu nne za plaiwudi nyuma. Masalia ya shiti yanatosha. Uso wake ugawanywe vipande viwili vinavyosogea ili pengo lifuate kipenyo cha biti, na nyuma ya pengo toboa tundu la bomba la kufyonza vumbi, milimita 63.

Wengi husumbuka kuiweka sambamba na ukingo wa meza. Haina haja, kwa sababu biti ni duara na haijui meza imeelekea wapi. Kaza ncha moja, sogeza nyingine. Na kwa kuwa biti iko katikati, ukisogeza ncha kwa milimita 1, penye biti fensi imesogea nusu milimita. Hivyo klampu mbili na penseli vinakupa usahihi wa robo milimita bila skrubu yoyote ya bei.

Mbao ipite daima kati yako na biti, fensi ikiwa nyuma. Kipande kisipite kati ya biti na fensi hata mara moja, kwani hapo biti inakivuta badala ya kukisukuma na kinaruka na vidole vyako. Ukitazama kutoka juu, biti huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ndiyo sababu ya kulia kwenda kushoto. Kwa mninga au mkongo ondoa milimita 3 kwa kila mpito, na mpito wa mwisho uache milimita 1 tu. Paneli anza na pande za mkato wa nyuzi, malizia na pande ndefu, ili mpasuko wa kona uondolewe na mpito unaofuata. Kipande chenye urefu wa chini ya milimita 300 usikipitishe peke yake: chonga nakshi kwenye ubao mpana, ndipo ukichane.

Umeme

Ruta ya wati 2,100 inakula ampea 9 hivi, plagi ya kawaida ya ampea 13 inaibeba. Waya wa kuongezea ukizidi mita 10, tumia wa milimita za mraba 2.5, na uufungue wote kutoka kwenye roli, kwani uliozungushwa hupata joto.

Jambo lisilopaswa kuahirishwa ni swichi. Swichi ya ruta iliyo mezani huachwa imewashwa, na kuwasha na kuzima hufanywa kwa swichi ya nje. Umeme ukikatika ukiwa kazini, utaenda kuchungulia nje kama jirani naye amekatikiwa. Ukirudi, mashine inaanza yenyewe, pengine mtoto amesimama karibu. Weka swichi ya kifungo inayojizima umeme unapokatika na isiyowaka tena hadi ibonyezwe. Ifunge mbele ya mguu wa kulia wa meza, kimo cha goti au paja, ili uweze kuizima bila kuachia mbao.

Kila msimu

Vuli hapa huanza Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na mbao yoyote iliyo karibu na ziwa huhisi mabadiliko hayo. Mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu ondoa fensi, laza rula kwenye uso wa meza kwa urefu, kwa kina na kwa mishazari miwili, na ujaribu kupitisha karatasi ya fotokopi chini yake. Karatasi moja ina unene wa kama milimita 0.1. Zikipita moja au mbili, endelea na kazi. Zikipita tatu, legeza skrubu za vyuma vya pembe, tia kipande cha bati la kopo kati ya chuma na uso mahali panapobonyea, kaza, kisha pima tena ruta ikiwa imening'inia mahali pake.